Jumamosi ya Sembuli na Manara pale Nyamagana

Mchezo wa kuamua bingwa wa soka wa taifa wa mwaka 1974 uliletwa Mwanza, na kwa kuwa wakati huo uwanja wa Kirumba ulikuwa haujajengwa, Simba na Yanga walikuja kukutana Nyamagana, uwanja uliopo katikati kabisa ya mji, karibu na Soko Kuu na mto Mirongo. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, nikiishi kwa shangazi yangu hapo hapo Mirongo, na sijaona tena mji mzima ukigeuka kuwa sehemu ya uwanja kama ulivyogeuka Jumamosi ile ya Agosti 10.

Wageni walianza kuingia siku kadhaa kabla. Waliofika kwa treni kutoka Tabora na Shinyanga walilala kwa ndugu zao, na waliokosa ndugu walilala kwenye baraza za maduka. Waliotoka Bukoba na Ukerewe walishuka bandarini na vitambaa vya rangi za timu zao, nyekundu na nyeupe kwa Simba, kijani na njano kwa Yanga. Shangazi alikuwa akikaanga sato na mihogo barazani, na siku hiyo alinikataza kuondoka mezani, kwa sababu wateja walituzidi.

"Mpira utausikia hapa hapa, baba," aliniambia.

Na kweli niliusikia. Jirani yetu, fundi cherehani aliyekuwa mshabiki mkubwa wa Simba, aliweka redio yake juu ya kiti mbele ya baraza, na watu waliokosa nafasi uwanjani wakaizunguka. Katika dakika ya 16, kelele zilitoka redioni na nyuma ya nyumba kwa wakati mmoja: Adam Sabu alikuwa ameifungia Simba. Fundi aliacha cherehani akawakumbatia watu asiowafahamu. Shangazi, ambaye tangu nimfahamu alikuwa Yanga, aligeuza samaki wake kikaangoni bila kusema neno.

Kwa zaidi ya saa nzima hali ikabaki hivyo. Simba walikuwa ndio mabingwa wa mwaka uliotangulia, na pale barazani wengi waliamini kwamba kombe halitoki mikononi mwao. Mimi nilikuwa nasikiliza uwanja kuliko redio, kwa maana sisi watoto wa mitaa ile tulikwisha kujifunza kutambua kwa kelele peke yake kona, faulo na mpira uliogonga mwamba.

Zilipobaki dakika chache, mtoto mmoja alikuja mbio akipiga kelele kwamba ni fungulia mbwa, yaani milango imeachwa wazi na asiye na tiketi anaweza kuingia. Shangazi alinitazama, akafuta mikono kwa kanga yake, akasema, "Nenda, lakini usiuachie mkono wa Fundi." Tulikimbia wawili. Ndani watu walikuwa wamebanana hadi kwenye mstari wa uwanja, nami sikuona kitu isipokuwa migongo, mpaka Fundi aliponibeba mabegani.

Ndipo, katika dakika ya 87, Gibson Sembuli akasawazisha. Sembuli alisifika kwa mashuti makali, lakini siwezi kusimulia jinsi mpira ulivyoondoka mguuni mwake, kwa kuwa nilichokiona ni wavu kutikisika na upande mmoja wa uwanja kuruka juu. Mabega ya Fundi yalishuka chini yangu, ila hakuniteremsha. Aliendelea kunibeba mpaka muda wa nyongeza, na katika dakika ya 97 Sunday Manara akafunga bao la pili la Yanga. Baadaye Manara alikwenda kucheza soka la kulipwa Uholanzi, na kila nilipolisikia jina lake nilijivunia kwamba nilimwona kwetu, mahali ambapo siku za kawaida tulikatiza kwenda kununua mafuta ya taa.

Matokeo yakabaki 2–1. Tulipotoka, jua lilikuwa likizama na barabara zote za kwenda sokoni zilikuwa zimejaa, malori yakipiga honi bila kusogea. Shangazi alikuwa amemaliza samaki wote, na bado watu walikuwa wakiuliza.

Kirumba ilipokamilika, michezo mikubwa ilihamia huko. Sababu naielewa, maana Nyamagana ilikuwa ndogo kwa umati ule, lakini wauza chakula, mafundi na wenye maduka wa katikati ya mji walipoteza siku ambazo mpira uliwafuata milangoni mwao, na kwangu hiyo ni hasara ya kweli. Nafurahi kwamba uwanja wenyewe haukuuzwa wala kujengwa maduka, na kwamba leo una nyasi bandia na vijana wanaucheza.

Fundi alishikilia kwa miaka kwamba Simba walizidiwa na uchovu tu. Shangazi hakubishana naye. Mwezi uliofuata alimpelekea kitambaa cha kijani amshonee gauni, na Fundi akalishona vizuri, bila kupandisha bei.