Manifoldi ya turbo ya kuchomelea mwenyewe: inapasukia wapi, na kwa nini

Vijana wa magari ya mbio hapa Dar wanaipenda Toyota GX100 (Mark II, Chaser au Cresta) kwa sababu moja kubwa: bodi yake ni ileile ya JZX100, dada yake mwenye injini ya 1JZ. Ukitoa injini ya 1G-FE iliyokuja nayo na kuweka 1JZ-GTE yenye turbo, injini inakaa bila kukata chuma kingi. Unapata lita 2.5 na farasi 280 za kiwandani. Kwa hapo hakuna cha kutengeneza zaidi ya nyaya na mabomba mawili matatu.

Kazi inaanza mtu akitaka farasi 400 au 450. Turbo ya kiwandani inaishiwa pumzi, inatafutwa kubwa zaidi yenye flenji (bamba la kufungia kwa bolti) ya saizi ya T3 au T4, halafu manifoldi ya kuifunga, yaani mabomba yanayotoa moshi kwenye injini na kuupeleka kwenye turbo, ni ya kuagiza, kwa bei inayomeza bajeti yote. Basi mtu anachukua grenda na mashine ya kuchomelea. Miezi mitatu baadaye manifoldi ina ufa, na anaambiwa alizidisha presha.

Presha haihusiki. Bomba lenye ukuta wa milimita 3.7 halijali presha ya moshi wa injini. Manifoldi hupasuliwa na joto na uzito, na karibu kila hatua hapa chini inahusu vitu hivyo viwili.

Anza na turbo, siyo bomba. Ining'inize pale itakapokaa, kwa vipande vya flati bari vilivyogandishwa kwa nukta za welding, kisha funga boneti uone kama inagusa. Kwenye 1JZ moshi unatokea upande wa kulia wa gari, na magari yetu usukani uko kulia. Maana yake shafti ya usukani na masta silinda ya breki ni majirani wa turbo. Injini hutikisika juu ya mauntingi zake ukikanyaga mafuta, kwa hiyo acha nafasi ya vidole viwili kati ya shafti na chuma chochote cha moto. Masta silinda ijengee ukuta wa bamba, wenye nafasi ya hewa pande zote mbili. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, yakishanyonya unyevu hushuka hadi 140. Kwa hewa ya Dar kunyonya unyevu hakuchukui muda. Weka DOT 4, na uyabadilishe kila mwaka.

Bado turbo inaning'inia, angalia tundu la kurudisha oili. Litazame chini, karibu wima kabisa. Oili ikitoka kwenye turbo imeshachanganyika na hewa kama povu na haisukumwi na kitu, inaanguka tu. Mpira wa kurudishia uwe na tundu la milimita 16 hadi 19, ushuke moja kwa moja bila kupanda popote, na uingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya kimo cha oili. Ukiingia chini ya kimo hicho, oili inarudi nyuma, inajaa kwenye turbo na kupenya sili. Moshi wa bluu unatoka, mwenye gari ananunua turbo nyingine, na hiyo nayo inatoa moshi. Turbo nyingi nzima zimetupwa kwa kosa hili.

Sasa flenji ya hedi. Tumia gasketi halisi kama kielelezo: ilaze juu ya pleti ya milimita 12, piga rangi, chora. Pleti ya milimita 6 haifai, itapinda kama kambale kwenye kikaango. Ukipata karakana yenye plazma au leza, peleka. Usipopata, toboa mfululizo wa matundu kwa kekee kufuata mstari, vunja katikati, malizia kwa tupa. Ni kazi ya siku nzima lakini inatoka safi.

Kwenye tundu za stadi (bolti zilizosimama kwenye hedi) ndipo wengi wanaharibu. Chuma cha kawaida hurefuka kama sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja, na chuma cha pua cha 304 kama sehemu 17. Chukua flenji ya milimita 500 ikipanda joto kwa nyuzi 500: ya chuma cha kawaida inarefuka milimita 3, ya 304 inapita 4. Hedi yenyewe inapozwa na maji, haifiki joto hilo. Flenji isipopata pa kwenda inakata stadi za mwisho au inajipinda. Kwa hiyo tundu za katikati zizidi stadi kwa nusu milimita tu, na kadiri unavyokwenda pembeni zipanuliwe kwa urefu, hadi milimita 2 au 3 kwenye zile za mwisho. Ukishamaliza kuchomelea kila kitu, ikate flenji katikati ya silinda na silinda kwa msumeno, ili kila kipande kicheze chenyewe.

Bomba: nunua elbo za kuchomelea za skedyuli 40 (daraja la unene wa ukuta), inchi moja na nusu, chuma cheusi. Kipenyo cha nje ni milimita 48.3, ukuta 3.68. Msikatae kwa kuwa ni nzito na zinashika kutu; kwa anayejifunza hakuna bora kuliko hizo. Chuma cha pua chembamba cha milimita 1.5 kinapendeza kwenye picha, lakini kinarefuka zaidi na hakisamehe welding mbaya. Bomba la maji lililopakwa zinki usiliguse kabisa. Zinki hugeuka mvuke kabla chuma hakijayeyuka, welding inajaa matundu kama sifongo, na ukivuta moshi wake usiku utalala na homa na baridi kama mwenye malaria.

Kukata elbo kwa macho ndiko kunakoleta mianya. Elbo hii, ile ndefu, katikati yake ina mzingo wa milimita 57. Ukitaka kipande cha nyuzi 30, pima milimita 42.5 mgongoni, 17 tumboni, na 30 ubavuni pande zote mbili. Unganisha alama hizo kwa soltepu ya karatasi ukiizungusha, halafu kata ukifuata ukingo wake. Nyuzi 15 ni nusu ya vipimo hivyo, nyuzi 45 ni mara moja na nusu. Vipande viwili vikikutanishwa, mwanga usipite. Kisha lainisha kingo kwa mshazari wa nyuzi 30, ukiacha kama milimita moja chini bila kukatwa, ili welding izame hadi ndani.

Mpangilio wa mabomba una faida ya bure kwenye injini hii. Mfuatano wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4. Ukikusanya 1, 2 na 3 upande mmoja, na 4, 5 na 6 upande mwingine, kila kundi linapata pumzi moja kila nyuzi 240 za krenki, kwa zamu, bila kugombana. Kwa turbo yenye flenji iliyogawanywa katikati, dumisha ukuta huo hadi mwisho. Usihangaike kusawazisha urefu wa mabomba kwa gari la barabarani. Mabomba mafupi ni mepesi, na turbo inaamka mapema.

Weistigeti, valvu inayopitisha moshi kando ya turbo ili presha isizidi, isiwekwe kama tawi la nyongeza. Bomba lake litoke pale mabomba yanapokutana, likifuata mwelekeo ambao moshi tayari unaenda. Likitoka kwa pembe ya kurudi nyuma, moshi hauingii. Unaseti bari 1, na kwenye mizunguko ya juu geji inapanda hadi 1.4 huku valvu iko wazi kabisa.

Kuchomelea: TIG (welding ya gesi na sindano ya tangsteni), argoni tupu, sindano ya milimita 2.4, waya wa kujazia wa ER70S-2 au S-6. Pale chuma cheusi kinapokutana na cha pua, tumia ER309L. Welding ya vijiti inashika, lakini magamba yake hubaki ndani ya bomba, yakabanduka siku ya kwanza kwenda kwenye mapanga ya turbo yanayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Ukiwa na vijiti tu, gandisha vipande kwa kijiti kisha mpelekee mwenye TIG amalizie, baada ya kusaga nukta zote zile.

Kwa chuma cha pua, jaza argoni na ndani ya bomba pia. Ziba ncha kwa karatasi ya alumini, acha kitundu cha kutokea hewa, fungulia lita 8 kwa dakika na usubiri dakika tatu. Bila hivyo upande wa ndani unachanua chembe kama sukari guru, na chembe hizo nazo zinaishia kwenye turbo. Jambo jingine: usisafishe chuma kwa dawa ya kupuliza ya breki yenye klorini kabla ya kuchomelea. Miale ya TIG huigeuza gesi ya sumu inayoweza kuua.

Flenji iwe imefungwa kwenye hedi mbovu au pleti nene muda wote wa kazi. Ruka ruka: silinda ya 1, kisha 4, kisha 2, kisha 6. Iache ipoe ikiwa bado imefungwa. Hata hivyo itapinda kidogo, hivyo ipeleke mtaa wa Gerezani, hapa Dar, kwa wenye mashine wakupitishie uso. Ukiweka rula ya chuma juu yake, fila geji (kipande chembamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.1 isipite popote.

Turbo hii inaweza kufika kilo 10, na chuma kikiwa chekundu uzito huo unavuta usiku na mchana. Weka mkono wa kuishikilia kutoka kwenye bloku ya injini. Usiufunge kwenye chesesi, kwa kuwa injini inacheza na chesesi haichezi. Tundu moja la mkono huo liwe refu ili turbo iweze kusogea inapopata joto. Bomba la moshi linaloshuka chini liwe na kipande cha fleksi, la sivyo ekzosi nzima inaning'inia kwenye turbo kila ukipita tuta. Na zile bendeji za joto, kwenye chuma cheusi zinafunga unyevu na kutafuna bomba kimyakimya. Bamba la kinga linatosha.

Mabomba ya hewa kwenda intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) hayana joto kali, lakini yanachomoka. Bomba la milimita 63 kwenye bari 1 linasukumwa kwa nguvu kama ya kilo 32, na mpira uliokaa kwenye alumini laini utateleza tu. Zungushia mstari mdogo wa welding kwenye ncha, ulainishe, kisha funga klempu ya bolti nyuma ya mstari huo.

Kabla ya kufunga manifoldi, ziba tundu zote kwa pleti na mpira, moja ya pleti iwe na valvu ya tairi. Jaza hewa hadi bari 1, paka maji ya sabuni. Povu likitokea, saga pale na uchomelee upya, usiongeze juu ya ufa. Kaza nati ukianzia katikati kwenda nje, washa gari hadi ipate joto, zima, ipoe kabisa, kaza tena. Rudia mara tatu. Baada ya kilomita 500 fungua boneti asubuhi na utafute masizi meusi kwenye ukingo wa gasketi na pale mabomba yanapokutana. Masizi huonekana kabla ufa haujaanza kusikika.