Brazil ya kijivu

Juzi nilikuwa Darajani kwa wale vijana wa simu, nasubiri simu yangu itoke, moshi wa risasi ya kuchomelea ukanipanda puani. Siku hizi wengi wana mashine za hewa ya moto. Huyu bado anachomelea kwa kidude cha zamani. Nikamkumbuka yule fundi wa Kaka, wa PlayStation.

PlayStation yenyewe mnaijua, ile mashine ya kijivu ya michezo ya TV, aliyokuja nayo ami kutoka Uingereza. Kaka aliipeleka itiwe chipu ili isome CD za kukopi, maana za asili hatukuwa na ubavu nazo. CD ya asili ina herufi nne zilizofichwa mwanzoni: SCEE kwa za Ulaya, SCEI kwa za Japani. Ya kukopi hainazo, basi chipu huzitaja kwa niaba yake na mashine inakubali. Ikakubali. Winning Eleven ya Kijapani, mchezo wa mpira, ikafunguka, muziki juu, sisi tunapiga makofi.

Ila picha ilikuwa inapanda tu, inapotelea juu na kuibukia chini, bila kupumzika. Na rangi hamna.

Kaka akaingia nyuma ya TV, TV ya chogo, bisibisi mkononi. Kulikuwa na kitundu kimeandikwa V-HOLD, cha kutuliza picha isipande wala kushuka. Mimi nikawekwa mbele niwe macho yake. "Bado!" Anazungusha. "Bado, sasa inashuka!" Mama jikoni anapiga kelele kwamba atakayekufa na umeme asimwite. Kaka akawa anazungusha nusu ya nusu, jasho linamdondoka kwenye vumbi la chogo, picha ikapunguza mwendo, ikayumba, ikasimama. "Hapohapo! Usiguse!" Ilisimama fupi, ina mstari mweusi juu na chini, wachezaji wamekuwa wanene. Lakini imesimama.

Rangi ndiyo iligoma. Sasa jaribuni mpira wa namna hiyo. Njano ya Brazil na nyeupe ya Ujerumani zikawa kitu kimoja. Timu yenye jezi nyekundu ikazama kwenye majani, unaona kaptula tu zinakimbia. Nilimpasia adui mipira mizuri sana. Na hii ni Zanzibar, iliyokuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, Bara wakasubiri hadi 1994 kupata hata kituo!

Kaka akarudi kwa fundi amevimba: chipu yako imeua rangi. Fundi hakubishana. Akaweka ile CD ya asili ya ami, kwenye TV yake ya mfumo wa PAL kama yetu, rangi zikajaa. Akaweka ya kukopi, kijivu. "CD yako ya Kijapani, TV yako ya mfumo wa Kiingereza," akasema. "Ile inaleta picha sitini kwa sekunde, hii imezoea hamsini. Na rangi inaletwa kwa njia ambayo TV yako haiijui. Rangi ipo, bwana. Anayeshindwa kuiona ni TV." Kaka akaona anazungushwa. Akamwachia nusu ya pesa, tukaondoka.

Tulibadilisha waya, tukapuliza vumbi, tukampa fundi mwingine ambaye alikula hela na kurudisha mashine vilevile. Mpaka binamu alipokuja kwa harusi na TV ya Dubai, ya mifumo yote. Kwenye menyu yake palikuwa na PAL, SECAM, na NTSC, ule wa CD yetu ya Kijapani. Ikachagua yenyewe. Brazil ikawa njano.

Nilimtazama Kaka. Akaomba pedi ya kuchezea.

Siku hizi yuko Muscat. Nilimpigia baada ya ule moshi wa Darajani, nikamuuliza kama alimmalizia yule fundi pesa yake. Akasema alimlipa yote, palepale, siku ileile. Mimi nilikuwepo, nilishika mashine. Au pengine alirudi peke yake baadaye na hakutaka nijue. Kaka naye ana mambo yake. Nikamuuliza hali ya watoto.