Mzee wa Wiesloch na Injini Yake Kaidi

Kituo cha treni kimebandikwa jina Wiesloch-Walldorf, lakini mji wa Wiesloch wenyewe uko mbali kilomita kadhaa. Basi la Jumapili halionekani, na nauli aliyotaja dereva wa teksi ilinifanya nichague miguu. Jua la Agosti huku kusini mwa Ujerumani halina mzaha.

Nilikuwa nikifuata njia ya Bertha Benz. Agosti 1888, mama huyu alichukua gari alilolibuni mumewe, Carl Benz, bila kumuaga, akapakia wanawe Eugen na Richard, akaondoka Mannheim kwenda kwa mamake Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Mafuta yalipopungua aliingia duka la dawa hapa Wiesloch, akanunua ligroini, aina ya petroli nyepesi.

Jirani na duka hilo, mzee mmoja alikuwa ameegesha gari la magurudumu matatu, nakala ya gari la kwanza la Carl, la 1886. Nilisogea nipige picha. Akanipa kazi.

Injini haina kifuniko. Silinda moja imelala nyuma ya kiti, na chini yake kuna flaiwili, gurudumu zito linaloendeleza mzunguko wa injini, pana kama meza ya duara, imelazwa kibapa. Krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, iko wazi, unaona kila inapozunguka, na oili inadondoka tone kwa tone kutoka kwenye vikombe vya shaba. Ufunguo hakuna, stata hakuna. Unashika flaiwili kwa mikono miwili, unavuta.

Nikavuta. Ikapiga chafya, ikanyamaza. Mzee akacheza na hewa: kabureta hii, kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa, hairushi mafuta, bali hewa hupita juu ya petroli na kubeba mvuke wake, na tangi ni la lita 4.5 tu. Nikavuta tena, shati likalowa. Watoto wakakusanyika, mmoja akacheka waziwazi. Mzee akachungulia waya wa plagi, akaufuta kwa leso yake, akaniashiria kwa kidevu: haya!

Ikawaka. Tu-tu-tu, polepole, unausikia kila mlipuko peke yake. Mizunguko 400 kwa dakika, sentimita za ujazo 954, na nguvu isiyofika hata farasi mmoja! Punde mvuke ukaanza kupanda, maana rejeta ya kupoza maji hamna; maji huchemka yakaisha, nawe unaongeza. Bertha alikuwa akiomba maji njia nzima.

Pforzheim sina la kusimulia, ila chumba kilikuwa ghali na dirisha halifunguki.

Stuttgart, kwenye jumba la makumbusho la Mercedes-Benz, lifti inakupeleka juu kabisa kwenye 1886, halafu unateremka na miaka. Watu walipiga picha za rangi na taa. Mimi nilitafuta ni kazi gani dereva alipunguziwa. Kabureta ya mhandisi Wilhelm Maybach ya 1893 ilipuliza petroli kupitia tundu jembamba, na habari ya kubahatisha mvuke ikaanza kuisha. Mercedes ya 1901 ina silinda nne, lita 5.9, nguvu farasi 35, na rejeta ya vijibomba zaidi ya 8,000: maji yanapoa badala ya kwisha. Kwangu mimi rejeta hiyo ni kubwa kuliko zile farasi 35. Kazi ya kuwasha ilibaki ya mikono, na hendeli ya kuzungushia injini ikirudi nyuma ilivunja mikono ya watu, hadi mhandisi Charles Kettering alipoleta stata ya umeme kwenye Cadillac za 1912, huko Marekani.

Gari langu nyumbani, ukifunua boneti, unakutana na kifuniko cha plastiki. Fundi anachomeka kompyuta kwanza, ndipo anainama kusikiliza. Sijawahi kuiona krenki yake na sidhani kama nitaiona. Ya yule mzee naweza kuichora.

Bega liliniuma hadi uwanja wa ndege, na hoteli ya Stuttgart ikanitoza kifungua kinywa ambacho sikukigusa.