Mwanza, ambako jiwe hupikwa kabla ya kupigwa

Basi kutoka Dar sitalisimulia. Aliyewahi kukaa siti ya nyuma anajua. Gesti niliyofikia ilitoza ziada eti kwa kuwa dirisha linatazama ziwa. Maji ya moto hakuna, na ngazi za kuipandia zingemchosha hata pimbi.

Alfajiri nikashtuliwa na mlio: paa! Nikajua transfoma imelipuka. Nikatoka na kikoi changu, nikakuta nyuma ya gesti moto unawaka juu ya jiwe linaloizidi daladala kwa ukubwa, na mama mmoja mtu mzima kakaa pembeni na nyundo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Wewe wa pwani, nasikia unavyoongea. Usisimame hapo, linarusha."

Aliwasha tangu usiku, magogo na vipande vya tairi. Jiwe ni graniti, na graniti haipitishi joto upesi: ngozi ya juu inatanuka huku ndani kungali baridi, tena punje zake hazitanuki kwa kiasi kimoja. Mwisho ganda linanyanyuka. "Ukiligonga likiwa baridi unaumiza mkono bure," akaniambia. Moto ulipofifia akapenyeza mtalimbo, bamba lenye unene wa kiganja likabanduka. Ndani kulikuwa na rangi ya waridi, punje nyeupe na vibamba vyeusi vinavyometameta.

Kwenye ufa mmoja, hata hivyo, mwamba ulikuwa wa kahawia na ukimomonyoka kwa vidole. Mama akaufagia pembeni kwa hasira. "Hili bovu. Fundi akiliona kwenye kokoto anarudisha mzigo."

Ubovu huo ni kazi ya maji. Mvua huingia na hewa ya kaboni, inakuwa asidi hafifu, inageuza madini ya feldispa kuwa udongo wa mfinyanzi. Punje za madini mengine, kwatzi, zinabaki, ndio mchanga. Na ndivyo jiji zima lilivyopata mawe yake ya mviringo. Graniti hii iliganda chini kabisa ardhini, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, ikapasuka mapande yenye pembe. Maji yakapita kwenye nyufa, na kona, inayoshambuliwa pande tatu, ikaisha kwanza, kama mche wa sabuni uliosahaulika majini. Udongo ulipochukuliwa na mvua, mawe yakabaki yamepandana. Jiwe la Bismarck, ambalo kila mgeni hulipiga picha pale ziwani, halikupandishwa na mtu. Kilichokuwa kimelizunguka ndicho kilichoondoka.

Kokoto huuzwa kwa ndoo. Bei ya ndoo nzima haikufika nauli niliyotozwa na bodaboda kutoka stendi, nikaona haya kulalamika.

Siku zilizofuata nilikula sato, nikavuka hadi kisiwa cha Saanane, basi. Mawazo yalikuwa Unguja. Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na huko hakuhitajiki moto. Chumvi inapanda na unyevu ukutani, maji yakikauka inaganda kwenye vitundu vya jiwe, fuwele zinakua na kusukuma hadi jiwe linapukutika unga. Plasta ya chokaa huacha ukuta upumue. Ya saruji hufungia unyevu ndani, chumvi ikajichimbia zaidi. Tangu Beit el Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, iporomoke upande mmoja, Desemba 2020, kila mwenye nyumba mtaani kwetu anazitazama kuta zake kwa wasiwasi, na dawa anayoikimbilia ni hiyohiyo saruji.

Nikampigia kaka nikiwa bado Mwanza, nikamwambia amzuie fundi asiipige nyumba yetu plasta ya saruji. Akanisikiliza vizuri tu, kisha akasema mifuko imeshanunuliwa na duka halirudishi pesa.