Siku moja maishani mwangu: naosha vioo vya maghorofa kwa kamba, Dodoma

Saa 11 alfajiri nishaamka. Dodoma mwezi wa saba baridi yake si mchezo na upepo ndo usiseme, kwa hiyo kabla ya kitu chochote nachungulia miti inayumba kiasi gani. Uji, daladala ya Mtumba, twende kazi.

Saa 1 ukaguzi. Kamba yote naipitisha mkononi taratibu, nikihisi sehemu imelainika au imevimba hiyo kamba haipandi juu. Kila mtu ana kamba mbili, ya kushukia na ya usalama, na kila moja imefungwa sehemu yake. Mwisho wa kamba fundo, lazima, na kwenye ukingo wa ukuta tunaweka kitu cha kuzuia isisagike.

Saa 3 dogo mmoja mgeni, mpandaji wa majabali, akaniambia kaka mbona tunachelewa hivi, mi naweza kushuka na kamba moja tu nimejizungushia mwilini. Ni kweli staili hiyo ipo na ya zamani sana, kamba inapita katikati ya miguu, inazunguka nyonga, inakatiza kifuani, inapita begani na kushuka mgongoni, imepewa jina la Dülfer, yule mpanda milima Mjerumani aliyekufa vitani 1915. Nikamwambia dogo, hapo breki ni ngozi yako, paja na bega vinaungua, na mkono ukiachia hakuna kingine kinachokushika. Kwenye jabali la kulala lala, ukiwa huna namna, sawa. Kwenye kioo kilichosimama wima, una ndoo kiunoni, hapana kabisa.

Akaleta nyingine, fundo la Munter, yaani kamba unaizungusha kwenye karabina, ile pete ngumu yenye lango la kufunguka, msuguano wake ndo unakuwa breki. Hilo nalipenda, ukidondosha kifaa cha kushukia linaweza kukufikisha chini. Lakini linasokota kamba vibaya, karabina lazima iwe ya lango la kukazwa lisifunguke, na kamba ya mkono wa breki ikae mbali na lango isije ikalifungua. Halafu ukiachia, nalo linaachia! Ndo maana unaongeza Prusik, kikamba chembamba unakizungusha kwenye kamba kubwa, uzito ukija kinabana.

Sikutaka abaki na maneno yangu tu, nikamning'iniza chini kabisa, miguu karibu inagusa godoro, nikamwambia achia mikono. Munter peke yake, akakaa kwenye godoro. Tukaweka Prusik, akaachia tena, akabaki juu ananiangalia.

Saa 7 ugali na mlenda.

Saa 9 upepo ukachachamaa, mwenye kazi anataka tumalizie upande mmoja, nikakataa na watu wote wakashuka. Mtu akikwama ananing'inia kwenye hanesi, ile mikanda tunayojifunga mwilini, bila kusogea anaweza kuzimia hata kama hana jeraha, na kumfuata kwenye upepo ule ni kuongeza majeruhi.

Saa 11 jioni tunaanika kamba kivulini, jua linachosha nailoni. Dogo kaomba kikamba aende nacho nyumbani akafanye mazoezi ya Prusik, nimempa, kesho nataka nimwone anaifunga kwa mkono mmoja ndo nimpandishe juu.