Nilidhani mnajua

Neno moja la Baba limekataa kunitoka kichwani. Uhamisho wangu wa Masaka umethibitishwa, posa ya mdogo wangu imepokelewa, lakini mimi bado nimesimama pale ufukweni Entebbe.

Tulimpeleka kwenye Bustani ya Mimea anyooshe miguu, daktari alivyoagiza. Kijana aliyetutembeza alijua kazi yake: bustani ilifunguliwa 1898, Waingereza wakijaribu humo mazao ya kigeni. Akatupitisha kwenye kile kipande cha msitu mnene, mbega wakirukaruka juu yetu, hadi tukatokea ziwani. Hapo akasimulia malale. Mbung'o walikaa kwenye vichaka vya ufuko, palepale watu walipoteka maji na kuvutia mitumbwi yao. Kati ya 1900 na 1920 walikufa zaidi ya watu 200,000 Buganda na Busoga. Gavana Hesketh Bell akaamuru watu wahamishwe kutoka kandokando ya ziwa, na 1909 ikafika zamu ya visiwa vya Ssese.

Baba akadakia, kwa Kiswahili chake cha kambi za jeshi: "Babu yangu alitolewa huko. Mtoto wa mgongoni."

"Baba! Babu yako alikuwa wa Ssese?"

"Wa kisiwa cha Bugala. Nilidhani mnajua."

Tungejulia wapi? Kambi ya Jinja anatusimulia, ya Mbarara anatusimulia, hata jina la mpishi wao tunalo. Na shangazi, mwenye kumbukumbu zote za ukoo, hajawahi kugusa habari hii! Nimeirudia sentensi ile nikipiga pasi, nikiwa kwenye teksi, nikiusubiri usingizi. Iliniuma. Mtu anawezaje kudhani watoto wake wamezaliwa na habari hiyo tayari?

Ila jana alinipigia mwenyewe, yeye asiyepiga simu. Alikumbuka kwamba babu yake aliporuhusiwa kurudi alikuta migomba imemezwa na msitu, na bibi mmoja ndiye aliyewaonyesha kiwanja kwa kufuata mti wa mvule. Alizungumza mpaka salio likamwishia, nikampigia, akaendelea. Kisha akauliza kivuko cha Nakiwogo, cha kwenda Ssese, kinaondoka saa ngapi. Nilicheka peke yangu jikoni kwa furaha. Tutakwenda, na shangazi tutambeba.

Lakini ile shule ya Masaka haijajibu kama ina nafasi darasa la tano kwa mwanangu Farida, na muhula unafunguliwa Jumatatu.