Nilivyopanga leya ipi ikae juu na ipi ikae chini kwenye AutoCAD

Anayetoka kwenye programu za picha huona kawaida kwamba leya (tabaka la mchoro) iliyo juu kwenye orodha ndiyo inayofunika zilizo chini. AutoCAD, programu ya kuchora ramani kwa kompyuta, haiko hivyo. Orodha yake ya leya kwa kawaida hupangwa kwa majina, na mpangilio huo hauamui kipi kifunike kipi. Kinachofunika au kufunikwa ni kitu chenyewe kilichochorwa, na kilichochorwa mwisho hukaa juu ya vilivyotangulia, hata kama vyote viko leya moja.

Mimi huchora ramani za nyumba. Kazi iliyonifanya nitafute utaratibu wa kudumu ilikuwa na picha ya anga ya kiwanja, juu yake hachi (mijazo ya rangi au mistari ndani ya eneo) za bustani na njia ya gari, kisha kuta, vipimo na majina ya vyumba. Kila nilipoongeza hachi, kitu fulani kilipotea chini yake.

Amri ya msingi ni DRAWORDER, inayopeleka kitu mbele au nyuma ya vingine. Nikitaka leya nzima, naita QSELECT, amri ya kuchagua vitu vyenye sifa moja, nachagua kwa sifa ya leya, kisha nasukuma vyote nyuma kwa mpigo. Hapa utaratibu ni muhimu sana: kinachosukumwa mwisho ndicho kinachokaa chini kabisa. Kwa hiyo naanza na hachi, halafu picha ya anga. Ukigeuza, picha italala juu ya bustani yote. Maandishi na vipimo sihangaiki navyo kimoja kimoja, maana TEXTTOFRONT huvileta vyote mbele.

Baadaye nilichoka kurudia, nikaandika lispu fupi, yaani programu ndogo ya kuendesha amri za AutoCAD. Moyo wake ni mistari hii miwili:

(setq s (ssget "_X" '((8 . "HACHI") (410 . "Model"))))
(command "_.DRAWORDER" s "" "_B")

Namba 8 ni jina la leya. Ile 410 huzuia vitu vya kwenye kurasa za kuchapisha visiingie. Narudia mistari hiyo kwa kila leya, kuanzia ile ninayotaka iwe juu kidogo hadi ya chini kabisa, na mpangilio wote unarudi sawa kwa amri moja.

Bloku zina mambo yake. Bloku ni vipande vilivyounganishwa kuwa kitu kimoja, huwezi kupitisha ukuta katikati ya vipande vyake. Nilikuwa na bloku ya kitanda yenye WIPEOUT (kipande tupu kinachoficha vilivyo chini yake) ndani ili vigae visionekane juu ya godoro, lakini WIPEOUT ilifunika hadi mistari ya mito ya kulalia. Kuisukuma bloku mbele au nyuma hakukusaidia kitu. Dawa ilikuwa kuifungua kwa BEDIT, amri ya kuhariri ndani ya bloku, kuigusa WIPEOUT peke yake, kuipeleka nyuma, kisha kuhifadhi. Vitanda vyote kwenye ramani vikakaa sawa papo hapo.

Angalia pia DRAWORDERCTL, kigezo kinachodhibiti mpangilio huu wa juu na chini. Thamani yake ya kawaida ni 3, na kwa thamani hiyo ukivunja mstari kwa BREAK, kipande kipya hurithi nafasi ya mstari wa awali. Wapo wanaoishusha hadi 0 ili faili nzito liende haraka, na hapo kinachoonekana kwenye skrini huenda kisifuate mpangilio mpaka upige REGEN, amri ya kuonyesha mchoro upya. Kwenye mafaili ninayopokea kutoka kwa wengine naikagua thamani hiyo kwanza kabla sijagusa leya yoyote.